Fundi wa barazani au kifurushi cha ng'ambo: saa yako ifunguliwe wapi?

Ukifungua kifuniko cha nyuma cha saa ya zamani iliyopita katika mikono mingi, mambo mawili huonekana mapema kuliko mengine. La kwanza ni vichwa vya skrubu: ukikuta mfereji wa skrubu umeliwa kingo na pembeni pana michirizo, ujue kuna mtu aliyetumia bisibisi isiyolingana nayo. La pili liko ndani ya kifuniko chenyewe, ambako mafundi wa jadi wa nchi nyingi wamekuwa wakikwaruza alama ndogo kwa ncha ya chuma kila wanapomaliza kazi, pengine tarehe, pengine herufi mbili tatu, ili saa ikirudi wajue nani aliifungua na lini. Saa yangu ya kutia ufunguo, iliyotengenezwa Uswisi kabla sijazaliwa, ina alama tatu za namna hiyo na skrubu moja iliyoliwa. Wasiowaamini mafundi wa mitaani huniambia niitazame skrubu. Kwangu mimi zile alama tatu zina uzito zaidi, kwa sababu bila watu walioziandika saa hiyo ingekuwa imesimama miaka mingi iliyopita.

Ushauri unaosikika zaidi siku hizi miongoni mwa wapenzi wa saa ni mmoja: usimpe fundi wa barazani, itume kwa aliyeitengeneza au kwa kituo alichokiidhinisha, hata kama kituo hicho kiko Dubai au Ulaya na hata kama saa itakaa huko miezi. Ushauri huu haukutoka hewani, na nitaueleza kwa haki. Lakini naona kwamba unambebesha fundi wetu lawama ambayo sehemu yake kubwa si yake, na kwamba anayeufuata bila kuuliza swali la pili anaweza kulipa zaidi na kupata kidogo.

Tuziweke kando kwanza saa za betri za bei ya kawaida, maana hizo hakuna anayezituma popote. Betri ikiisha inabadilishwa, na kosa kubwa analoweza kulifanya mwenyewe ni kuiacha betri iliyokufa ndani mpaka ivuje na kuila mashine. Mjadala unahusu saa zinazoendeshwa na springi, za kujazwa kwa mkono na zile zinazojijaza kwa mtikisiko wa mkono. Saa ya namna hii ya zamani hugonga mara 18,000 kwa saa moja. Seiko 5 yenye mashine ya 7S26, ambayo nina hakika kila msomaji amewahi kuiona kwenye mkono wa mjomba au wa mwalimu wake, hugonga mara 21,600, na hiyo kwa mwaka mmoja ni zaidi ya mara milioni 189. Hakuna injini ya gari inayofanya kazi hivyo bila kubadilishiwa mafuta. Rolex hushauri sevisi kila baada ya miaka 10 hivi, Omega kati ya miaka 5 na 8, na ukweli wa wengi wetu ni kwamba tunasubiri mpaka saa isimame yenyewe, wakati mafuta yamekauka na vyuma vimeanza kusagana.

Wanaosema itumwe wana hoja nne za kweli. Kituo kilichoidhinishwa kina vipuri halisi, na hiyo peke yake inatosha kumshawishi mtu mwenye saa ghali. Kina mashine ya kupima kama saa inaingiza maji, na mtu anayeogelea na saa ya mita 200 asikubali kurudishiwa bila kipimo hicho, kwa kuwa mpira wa kuziba maji uliochoka hauonekani kwa macho. Kina mafuta ya aina kadhaa, mepesi kwa ncha za magurudumu yanayokwenda kasi na mazito kwa springi kuu na sehemu za kujazia, ilhali fundi mwenye kichupa kimoja hupaka hichohicho kila mahali. Na kinatoa dhamana: Rolex na Omega hudhamini kazi yao ya sevisi kwa miaka 2. Ongeza vumbi. Nimekaa mara nyingi kwenye baraza la Kariakoo, karibu na Mtaa wa Uhuru, nikimtazama fundi akifanya kazi ndani ya kisanduku chake cha kioo huku bajaji zikipita hatua tano kutoka pale, na siwezi kudai kwamba hewa ile ni sawa na ya chumba kilichofungwa. Nimewaona pia mafundi wakipuliza mashine kwa mdomo, na pumzi ya mtu ina unyevu. Nimewaona wakisafisha magurudumu kwa petroli kwenye kifuniko cha kopo la siagi. Hayo yapo, na anayeyaficha hamsaidii fundi.

Hata hivyo, ukimuuliza fundi mwenye umri kwa nini kazi yake imekuwa ya kubahatisha, hataanza na vumbi wala petroli. Ataanza na spea.

Hapa ndipo naona mjadala wetu unapopotoka, kwa kuwa tunazungumza kana kwamba kituo cha ng'ambo kina ustadi na baraza halina, wakati tofauti kubwa zaidi ni kwamba kimoja kina droo ya vipuri na kingine kimefungiwa droo hiyo. Na waliofungiwa si wa Kariakoo peke yao. Mwaka 2004 shirikisho la vyama vya mafundi saa wa Ulaya, CEAHR, lilipeleka malalamiko kwa Kamisheni ya Ulaya kwamba watengenezaji wa saa za kifahari wanakataa kuwauzia vipuri mafundi walio nje ya mitandao yao. Kamisheni iliyakataa malalamiko hayo mwaka 2008, mahakama ikaubatilisha uamuzi huo Desemba 2010, Kamisheni ikachunguza upya na mwaka 2014 ikafika palepale, na Oktoba 2017 mahakama ikakubaliana nayo. Hoja iliyoshinda ilikuwa kwamba watengenezaji wana haki ya kulinda ubora na kuzuia bidhaa bandia, na kwamba fundi anayetimiza masharti yao anaweza kuomba kuingia kwenye mtandao. Wakati kesi hiyo ikiendelea, Swatch Group, wenye Omega, Longines, Tissot na Rado, waliacha mwishoni mwa mwaka 2015 kuwauzia vipuri wauzaji wa jumla, akiwemo Cousins wa Romford, Uingereza, ambaye mafundi wengi wa kujitegemea walikuwa wakiagiza kwake.

Kama fundi mwenye karakana safi jijini London, mwenye cheti ukutani na mashine ya kupimia maji mezani, anakosa gurudumu moja la Omega, fundi wa barazani atalipata wapi? Atafanya alichofanya siku zote: atanunua saa mbovu ya aina hiyo aichinje, atachonga, ataazima kutoka mashine inayofanana. Mara nyingine hufanikiwa kwa ustadi ambao ungemstaajabisha mwalimu yeyote wa chuo. Mara nyingine hushindwa, saa inarudi ikiwa na kipande kisicho chake, na sisi tunasema mafundi wetu hawajui kazi. Sidai kwamba watengenezaji hawana sababu, maana spea bandia zipo na zimejaa. Ninachosema ni kwamba aliyeshika mlango hawezi tena kumcheka aliyebaki nje kwa kutokuingia.

Jambo la pili ambalo halizungumzwi vya kutosha ni sekunde. Mwenye saa iliyotoka ng'ambo hujivunia kwamba inapotea sekunde chache tu, na aliyempa fundi wa hapa hulalamika kwamba yake inachelewa dakika nzima kwa wiki. Dakika moja kwa wiki! Tuipige hesabu. Siku ina sekunde 86,400. Dakika moja kwa wiki ni sekunde 8 na nusu hivi kwa siku, na hiyo ni chini ya sehemu 1 katika kila sehemu 10,000. Shirika la Uswisi linalotoa vyeti vya usahihi, COSC, hukubali wastani wa mashine kubwa kuchelewa hadi sekunde 4 au kuwahi hadi sekunde 6 kwa siku, baada ya kuipima siku 15 katika mikao 5 na katika joto la nyuzi 8, 23 na 38. Kwa hiyo umbali kati ya saa yenye cheti na saa ya fundi wa barazani, ambao tunauona kama mbingu na ardhi, ni sekunde nne au tano kati ya elfu themanini na sita na mia nne, na kazi hiyo imefanywa na mtu asiye na mashine ya kupima, anayelinganisha na saa ya simu asubuhi na jioni.

Na umbali huo mdogo mara nyingi unaweza kuzibwa, lakini kwa sharti kwamba aliyeirekebisha saa yuko karibu. Saa ya springi haiendi sawa ikilala kifudifudi, ikisimama upande au ikiwa mkononi. Uzito wa gurudumu la mizani huegemea kwingine na mwendo hubadilika. Nilipompelekea fundi mmoja mzee wa barazani saa yangu kwa mara ya kwanza, baada ya shikamoo na marahaba, hakuuliza imenunuliwa wapi wala ni ya shilingi ngapi.

"Usiku unailaza wapi, mwanangu?"

Nilimwambia naiweka mezani, uso juu. Akauliza kama navaa mkono wa kushoto, kama nafanya kazi ya kuandika, kama nalala nikiwa nimeivaa siku za safari. Akasogeza kile kikono kidogo cha kurekebishia kwa kiasi ambacho hata kwa kioo cha kukuzia sikukiona, akaniambia nirudi baada ya siku saba nikiwa nimeandika inavyokwenda. Nilirudi, ilikuwa mbele sekunde 40 kwa wiki, akasogeza tena. Mara ya tatu ilibaki sekunde 15 kwa wiki nzima, nikamwambia inatosha, na yeye ndiye aliyesita. Kituo cha mbali hakiwezi kufanya hivyo hata kingekuwa na mafundi bora duniani, kwa sababu hakijui meza yangu, hakijui joto la Dar es Salaam la mwezi Februari, na hakitaipokea saa mara tatu kwa ajili ya sekunde 40. Kinairekebisha kwa mkono wa mtu wa wastani, halafu kinaifunga.

Kuhusu safari yenyewe nitasema kwa ufupi. Hofu ya kupotea imekuzwa. Kifurushi chenye bima na namba ya kufuatilia hufika mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Usumbufu ulio wa kweli uko kwenye makaratasi ya kurudi. Saa inayoingia nchini bila ushahidi kwamba ilitoka hapahapa huonekana mbele ya ofisa wa forodha kama saa mpya iliyonunuliwa, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 itatazama thamani yote, wakati ulicholipia ni kazi na vipuri. Anayetuma aandikishe namba ya saa forodhani kabla haijaondoka, apige picha mashine na kifuniko, atunze nakala zote. Wengi hawafanyi, halafu wanalaumu Posta.

Kuna hasara nyingine ambayo haina karatasi. Niliwahi kutuma saa ya marehemu ami yangu kwa kituo cha nje ambacho sitakitaja. Ilirudi baada ya miezi mitano ikiwa imesafishwa vizuri mno, na ninaposema mno nina maana yangu. Bodi, yaani ganda la nje la saa, ilikuwa imeng'arishwa mpaka pembe zake zikalainika, na mikono ya saa, ambayo rangi yake ya kung'aa gizani ilikuwa imegeuka manjano kama pembe ya ndovu, ilikuwa imebadilishwa ikawekwa mipya, myeupe. Hakuna kosa walilolifanya kwa mujibu wa utaratibu wao. Fomu niliyotia saini iliwaruhusu kubadilisha kilichochakaa, na mikono ile ya zamani hawakunirudishia. Kwa mkusanyaji, mabadiliko kama hayo hushusha bei. Kwangu, ule umanjano ulikuwa miaka ya ami yangu. Fundi ninayekaa naye kwenye benchi ningemwambia kwa maneno matatu tu, "mikono hiyo usiiguse," na yangekwisha.

Lipo pia suala la bei, ambalo kwa saa nyingi zilizo mikononi mwetu linamaliza mjadala kabla haujaanza. Seiko 5 haina maana kuituma nje. Gharama ya kusafirisha na kuifungua itazidi thamani yake. Hata wapenzi wa saa wa nchi tajiri, saa hiyo ikichoka, huitoa mashine ya 7S26 na kuweka NH36 mpya ya dola 40 hivi, ya kampuni hiyohiyo ya Kijapani, na mafundi wetu nao wamejifunza njia hiyo. Nayo inafaa, lakini inanisumbua. Kubadilisha mashine nzima si sevisi. Kijana anayejifunza kazi kwa kutoa mashine na kupachika nyingine hatajua kamwe jinsi ya kuosha springi iliyo nyembamba kama unywele bila kuipinda, na siku atakapoletewa saa isiyo na mashine ya kubadilisha, mikono yake itakuwa mitupu. Kazi hii iliwahi kupata pigo la namna hiyo. Seiko walipotoa saa ya kwanza ya mkono ya kwatzi, yaani ya betri, sokoni, tarehe 25 Desemba 1969, walifungua njia iliyoipunguza sekta ya saa ya Uswisi kutoka wafanyakazi 90,000 hivi hadi karibu theluthi moja katika muda wa miaka kumi na tano. Huku kwetu hakuna aliyehesabu mafundi, lakini kila anayekumbuka mabaraza ya zamani anajua kwamba mtu aliyekuwa akisafisha saa tatu kwa siku aligeuka kuwa mbadilisha betri na mkata minyororo ya saa. Na watengenezaji wenyewe wanaelekea hukohuko: Swatch walipoleta Sistem51 mwaka 2013, yenye vipande 51 tu, waliifunga isifunguliwe na fundi yeyote, wa baraza au wa kituo.

Ndiyo maana nasema uamuzi wa mahali pa kuipeleka saa si wa mwenye saa peke yake. Kila saa ya mashine inayotumwa nje bila sababu ni siku moja ya mazoezi aliyonyimwa fundi wa hapa, naye fundi asiyefanya mazoezi ndiye huyo anayekula skrubu.

Pale penye sababu, tuma. Saa ya kuzamia ambayo kweli inaingia baharini, tuma, mpaka baraza litakapopata mashine ya kupimia maji. Saa iliyo bado ndani ya dhamana, tuma, kwa sababu ikifunguliwa hapa dhamana imekufa. Saa ya kampuni inayobana vipuri vyake, na ambayo gurudumu lake limevunjika badala ya kuchafuka tu, hiyo pia huna njia nyingine. Lakini saa iliyochoka mafuta tu, saa ya kutia ufunguo ya miaka ya 1960, saa yenye ETA 2824, mashine ya Uswisi ambayo Sellita wa Uswisi wanatengeneza inayofanana nayo kiasi kwamba vipuri vyake vingi vinaingiliana, sioni kwa nini zipande ndege. Mtafute fundi, mwombe umwone akifungua saa nyingine kabla ya yako, tazama kama ana bisibisi zaidi ya tatu na kama anazinoa, tazama kama kibano chake kina sumaku, muulize ana mafuta mangapi na lipi huenda wapi. Fundi mzuri hachukii maswali hayo. Mara nyingi amekaa miaka akingoja mtu wa kumuuliza.

Mwaka huu springi kuu ya ile saa yangu yenye alama tatu ilikatika. Nilidhani safari hii sina budi kuituma, nikaenda barazani kuaga tu. Mzee aliitoa springi katika kikasha chake ndani ya mashine, akainyoosha juu ya karatasi kwa vidole viwili, akapima upana, unene na urefu, akaniandikia tarakimu tatu nyuma ya risiti ya luku. Springi za saa, aliniambia, haziuzwi kwa jina la kampuni tu. Kuna viwanda vya Uswisi vinavyozitengeneza kwa vipimo na kumuuzia yeyote anayejua vipimo vyake. Niliagiza. Kilichosafiri kilikuwa bahasha yenye kipande cha chuma kisichofika gramu moja, na saa ikabaki kwenye droo ya mzee, imefunikwa kwa bilauri iliyogeuzwa ili isiingie vumbi.

Springi imefika Jumatatu. Ameniambia nipite Alhamisi baada ya adhuhuri, na nije na daftari la kuandikia sekunde.